Msitu wa Kijiji ni Mali ya Wakfu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule)



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa, mradi nisizidishe dakika ishirini. Nitajitahidi kutii, maana wapo walimu hapa wanaokumbuka kwamba nilipokuwa kidato cha pili sikuwa mtu wa kutii sana.

Mwaka jana, baada ya chakula, nilikaa na wenzangu wa darasa letu chini ya ule mwembe ulio karibu na bwalo. Tulianza na habari za watoto, tukaingia katika magonjwa ya watu wa umri wetu, yaani presha na sukari, hatimaye tukafika kwenye mashamba. Kati ya watu saba tuliokuwa pale, watano walikuwa wamejipatia ardhi vijijini katika wilaya za Kibiti na Rufiji. Huyu ekari kumi, yule ekari hamsini. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watano. Tulipongezana sana. Lakini hakuna aliyemwuliza mwenzake ile ardhi ilikuwa nini kabla hajaipata. Ndiyo sababu leo nimechagua kuzungumza juu ya misitu ya vijiji vyetu, na juu ya sisi tuliosoma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nianze na neno ambalo watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, nalo ni wakfu. Sote tumekua tukisikia kwamba kisima hiki ni cha wakfu, au minazi ile ni ya wakfu wa msikiti. Maana yake tunaijua. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi na mtu mmoja, wala anayeisimamia hawezi kuigeuza kuwa yake. Faida yake inaliwa, lakini shina lake linabaki. Msimamizi wake ni mdhamini tu.

Nchi nyingine zimeitumia fikra kama hiyo kulinda ardhi. Mwaka 1891, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kiliundwa chombo cha wadhamini wa kushika maeneo mazuri ya asili kwa niaba ya umma. Mwaka 1895 Waingereza nao wakaunda chombo chao, National Trust, ambacho mpaka leo kinamiliki misitu, mashamba na fukwe nyingi. Hapa kwetu, mwaka 2001 ranchi ya Manyara, iliyokuwa mali ya serikali, ilikabidhiwa kwa chombo cha udhamini ili wanyama wapate njia ya kupita kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Na wenzetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamezilinda kaya zao, yaani misitu ya wazee wao, kwa miiko na heshima kwa muda mrefu, hata mwaka 2008 misitu hiyo ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa, wengi wetu tunadhani kwamba mambo ya udhamini wa ardhi yako huko mbali. Sivyo. Kila kijiji cha Tanzania Bara ni chombo cha namna hiyo kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 8, inasema kwamba halmashauri ya kijiji itaisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya wanufaika, na wanufaika wenyewe ni wakazi wa kijiji hicho. Kifungu hicho hicho kinaizuia halmashauri kumgawia mtu ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Aidha, ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya wote haigawiwi mtu binafsi. Wadogo zangu mnaosoma uraia, yashikeni haya. Mwenyekiti wa kijiji si mwenye ardhi. Yeye na wenzake ni wadhamini.

Hebu tutazame hali ya huku kwetu. Mimi nimezaliwa katika kijiji kimoja cha kata ya Mahege. Aliyekulia sehemu hizo anajua kwamba ukitoka barabara kuu na kuelekea baharini, unapita mikorosho, minazi na mihogo, kisha mabonde ya mpunga, hata unafika kwenye mikoko ya delta. Mikoko hiyo imeenea katika eneo la takriban hekta 53,000, na ndiyo misitu mikubwa kuliko yote ya namna yake inayopatikana mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi majahazi yalipakia boriti za Rufiji kuzipeleka Unguja na hata Uarabuni. Humo ndimo kamba na samaki wengi wanamokulia kabla ya kutoka baharini.

Mikoko hiyo ililindwa zamani. Wajerumani waliiweka chini ya usimamizi wao tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaitangaza kuwa hifadhi mwaka 1928. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908 za bahari, visiwa na mikoko, liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini tukumbuke kwamba ndani ya delta kuna vijiji, na watu wake wanalima mpunga na kuvua. Hifadhi ilipotangazwa, wao walikuwamo, na kwa muda mrefu walionekana kama wavamizi katika nchi ya babu zao. Hifadhi inayotangazwa juu ya vichwa vya watu huwa na ugomvi usiokwisha.

Hata hivyo ni hao hao waliosimama ilipotakiwa. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba ambao ungechukua maelfu ya hekta za delta. Baadhi ya wananchi waliukubali kwa kutarajia ajira. Wengine waliukataa, wakapata msaada wa wanasheria na waandishi wa habari, wakaenda mahakamani. Mradi ule haukujengwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi hapa, na nakumbuka tulifanya mdahalo juu ya jambo hilo katika bwalo. Upande wangu uliunga mkono mradi, na tulishinda kwa makofi. Leo nafurahi kwamba uamuzi haukuwa wetu.

Hiyo ni mikoko. Sasa niseme juu ya misitu ya nchi kavu, ambayo haina sifa kubwa lakini ndiyo inayotoweka haraka. Namaanisha misitu yenye mkongo, mninga, mvule, mpingo na mpangapanga. Wakubwa mnakumbuka safari ya kusini ilivyokuwa kabla ya mwaka 2003. Magari yalipanga foleni Ndundu kungoja kivuko, na mvua za masika zikizidi hapakuwa na safari. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 likafunguliwa. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini barabara haichagui mzigo. Iliyopitisha wagonjwa na vitabu ndiyo iliyopitisha magogo na mkaa. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 juu ya biashara ya magogo kusini mwa Tanzania ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ingestahili kuyapata yalikuwa yakipotea. Kama serikali yenyewe ilipoteza kiasi hicho, mwanakijiji aliambulia nini? Aliambulia visiki.

Ndugu Mwenyekiti, ni rahisi kusimama hapa na kuwalaumu wachoma mkaa na wafanyabiashara. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naomba niwasimulie habari yangu mwenyewe.

Mwaka 2011 nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye miaka thelathini na kidogo, nina shahada, nina mshahara, na nina mkopo wa benki mfukoni. Nilikwenda kijijini kwetu, nikaonana na watu waliokuwa na madaraka wakati huo. Baada ya siku mbili nikapata karatasi moja ya daftari yenye muhuri na sahihi nne, iliyosema kwamba nimepewa pori la ekari 60. Nililipa fedha kidogo sana. Sikuuliza kama mkutano mkuu ulikaa. Nilijua haukukaa.

Tazameni neno lile, pori. Karatasi haikusema msitu. Pori kwetu ni mahali pasipo na mwenyewe. Lakini katika pori lile shangazi yangu alikuwa akikata ukindu wa mikeka. Wazee walikuwa na mizinga ya nyuki. Mwaka wa njaa watu walichimba ming'oko humo. Mtu akijenga nyumba, fito na nguzo zilitoka humo, na mganga akitaka mizizi aliifuata humo. Kila mtu alikuwa na haki yake, ila hakuna aliyekuwa na karatasi. Mwenye karatasi nilikuwa mimi, niliyekuja mara mbili kwa mwaka.

Ili nipate fedha za kusafisha shamba, niliwaruhusu wachoma mkaa waingie. Kwa miezi mitatu walikata ekari 20. Nikapanda mikorosho. Mwaka wa pili moto ukapita, ukala zaidi ya nusu ya miche. Mwaka wa tatu msimamizi wangu akaondoka. Kwa kifupi, faida yangu yote ilikuwa ule mkaa, nao haukutosha hata kulipa riba ya mkopo.

Lakini aibu yangu kubwa haikuwa hasara. Kazi yangu ni mipango, katika halmashauri ya mkoa mwingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda kwenye vijiji vya watu kuwaeleza umuhimu wa mpango wa matumizi ya ardhi, huku karatasi yangu iko kabatini.

Mwaka 2019 kijiji chetu kiliitisha mkutano mkuu kuzungumzia mpango kama huo. Ndugu zangu wakaniomba nije nisaidie kueleza sheria, maana mimi ndiye msomi wao. Nilisimama, nikakieleza kifungu cha 8 kama nilivyowaeleza ninyi leo, na watu wakanisikiliza vizuri. Nilipomaliza, shangazi yangu alinyoosha mkono. Akasema, "Baba, umetusomea vizuri, Mungu akuzidishie. Sasa lile pori lako, ulipewa na mkutano gani?"

Sikuwa na jibu. Watu hawakucheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Nikasema ukweli kwamba hapakuwa na mkutano. Siku ile ile nikaomba iandikwe katika muhtasari kwamba narudisha ekari 60 zote mikononi mwa kijiji. Mkutano ukaamua kwamba ekari 40 zenye miti ziingie katika eneo litakalotengwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na zile 20 ziachwe zichipue. Fedha zangu sikurudishiwa, wala sikuzidai. Visiki vingi vimechipua sasa, lakini mti uliokuwa na umri wa babu yangu hauwezi kurudishwa kwa muhtasari. Mpingo huhitaji zaidi ya miaka 70 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Hakuna hata mmoja wetu humu atakayeuona ukikomaa akiupanda leo.

Sasa, mtauliza, msitu wa kijiji unatengwaje? Sheria ya Misitu, namba 14 ya mwaka 2002, inakitambua kijiji kuwa kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kwanza, mkutano mkuu huridhia. Pili, mipaka hutembelewa kwa miguu pamoja na vijiji jirani, kwa sababu mpaka usiokubaliwa na jirani ni kesi. Tatu, huchaguliwa kamati ya maliasili. Nne, miti hukaguliwa na kuandikwa mpango wa usimamizi unaosema wapi pavunwe, wapi pasiguswe. Tano, hutungwa sheria ndogo, ambazo hupelekwa halmashauri ya wilaya zipitishwe. Haya yote ni makaratasi, nami najua watu hawapendi makaratasi. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna watakaosema kwamba hifadhi ni njaa, na vijana watalima wapi? Hoja hiyo ni ya haki, na mkono mtupu haulambwi. Mpango mzuri wa ardhi hutenga kwanza mashamba ya leo na ya vijana watakaokuja. Na msitu wenyewe si lazima ufungwe kama benki iliyopoteza ufunguo. Tazameni majirani zetu wa Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo la huko, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kinachoonyesha kwamba misitu yao inavunwa kwa utaratibu mzuri. Vilikuwa vijiji vya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi. Mpingo hutengenezwa zumari za kizungu zinazopigwa katika kumbi za Ulaya, na kwa muda mrefu aliyeukata hapa alipata fedha ya chumvi tu. Wale wa Kilwa walijifunza kuuza miti michache, kwa bei iliyopangwa na kijiji, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Wanaufuga msitu kama mtu anavyofuga ng'ombe wa maziwa.

Huku kwetu pia tuna mafunzo. Kati ya mwaka 1998 na 2003 ulikuwapo Mradi wa Usimamizi wa Mazingira Rufiji, uliosaidiwa na shirika la IUCN kwa fedha za Uholanzi, ambao ulifanya kazi na vijiji vya delta na vya bara kutengeneza mipango yao wenyewe, pamoja na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Ngumburuni karibu na Ikwiriri. Mradi ulikwisha, magari yakaondoka, na mkaa ukaendelea. Nadhani funzo lake ni kwamba mradi hauwezi kuwa mdhamini wa msitu. Mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Mdhamini hapana budi awe mtu anayeamka pale kila siku, na anayepata kitu msitu ukiwa hai.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zinakwisha. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa sisi wakubwa. Kila mmoja wetu mwenye karatasi ya ardhi ya kijijini aende akaitoe kabatini aisome. Ajiulize mkutano gani uliikubali, na pale mahali palikuwa nini. Wapo watu wawili wenye karatasi kama yangu, kutoka kijiji kile kile, waliosoma shule hii. Sikuja kuwataja. Nasema tu kwamba shangazi yangu angali hai, na mikutano haijaisha.

La pili ni kwa Chama chetu. Tunao humu wanasheria, wapima ardhi, mabwana misitu na mahasibu. Kijiji kinapotaka kupima msitu wake au kuandika sheria ndogo, hukwama kwa kukosa mtu wa kusaidia kwa siku mbili tatu. Tunachanga fedha za kupaka rangi mabweni, na ni vizuri. Naomba tuchange pia siku zetu. Kila mmoja atoe siku tatu kwa mwaka kwa kijiji kimoja, bila posho.

La tatu ni kwenu wadogo zetu. Mnapokwenda likizo, nendeni kwenye mkutano wa kijiji, hata kama mtakaa nyuma. Ombeni kuona daftari la muhtasari. Waulizeni bibi zenu majina ya miti na matumizi yake, myaandike. Siku moja ninyi ndio mtakaokuwa na shahada, mshahara na mkopo, na mtu atawaambia kuna pori la bei rahisi. Siku hiyo kumbukeni kuuliza kabla hamjaulizwa.